Mtani Ameteka Nusu ya Riwaya Yangu: Niiandike Upya au Niiache?

Mpendwa Bi Salome, shikamoo. Naomba msaada wako, ila kabla sijaanza niahidi kwamba barua hii utaisoma mwenyewe, usimpe mtu wa hapo gazetini akusomee halafu akueleze kwa kifupi, maana siku hizi mtu unampa karatasi zako kwa moyo mweupe kumbe mwenzio ana lake jambo, na mimi hilo limenikuta kwa watu watatu kwa mpigo, na mmoja wao ni mume wangu wa ndoa.

Mimi nina steshenari ndogo hapa Rasbura, natoa kopi, naprinti, nafunga vitabu kwa spairo, nawachapia watu barua za kuomba kazi na kadi za harusi, na katikati ya kazi za watu nimekuwa nikiandika kazi yangu mwenyewe, riwaya, ambayo nilianza kuiandika ilipopita arobaini ya mama yangu mwaka juzi. Ni hadithi ya msichana wa Tingi anayelelewa na mama mkali mwenye shamba la mikorosho, mama anayefoka tangu alfajiri mpaka isha, na sitakuficha, huyo mama nimemtoa kwa mama yangu mzazi, na huyo msichana ni mimi niliyepunguziwa kasoro. Mchapishaji mmoja wa Dar nilimtumia sura za mwanzo akasema amezipenda na akataka nimtumie kazi nzima kabla ya mwezi wa mfungo, na siku niliyosoma ujumbe wake nilimwaga chai juu ya mashine ya kopi kwa furaha.

Sasa nikasema, kabla sijatuma, niwape watu wasome wanipe maoni, na hapo ndipo nilipojitakia.

Wa kwanza alikuwa mume wangu Amiri, ambaye ni fundi bomba na si msomaji sana, lakini alikichukua kitabu akawa anakisoma jioni anapotoka kazini, na kwa siku za mwanzo nilimsikia akiguna na kucheka, halafu akanirudishia na kusema, "Mke wangu, umejitahidi sana. Lakini hiki kiweke kando, andika kingine." Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Basi tu, naona hivyo." Bi Salome, mtu anawezaje kusema basi tu juu ya kazi ya miaka miwili? Nikashuku kwamba amejiona, kwa sababu ndani yumo mume mmoja anayeacha viatu vya matope mlangoni, na kweli Amiri ana tabia hiyo. Nikakagua karatasi moja moja, nikakuta amekunja kona ya ukurasa pale inapoanza sura ya mazishi ya mama, na baada ya hapo karatasi ziko safi kama zilivyotoka kwenye printa, maana yake hakumaliza hata kusoma, na mtu hajamaliza anapata wapi ujasiri wa kuniambia nikiweke kando?

Wa pili ni Mwalimu Valentini, mstaafu wa hapa mtaani aliyefundisha Kiswahili miaka mingi, huyo alikipitia kwa kalamu nyekundu mpaka nikaona haya, kila ukurasa una duara na mshale, isipokuwa kuanzia kwenye mazishi mpaka mwisho ambako hakuweka alama hata moja, nami nikafarijika kwamba angalau kuanzia hapo nilikuwa nimeshaiva. Akaniambia, "Hongera sana binti yangu, rekebisha haya makosa madogo madogo, kisha tuma." Nilifurahi siku nzima, lakini kesho yake alikuja kutoa kopi za karatasi zake za tuisheni, rundo zima, akaniaga kwa tabasamu na kuondoka bila kulipa, na kesho kutwa tena, nikaanza kujiuliza hongera ile ilikuwa ya riwaya au ya mashine.

Wa tatu sikumpa, alichukua mwenyewe. Huyu ni Yunusu wa kule kwetu Tingi, ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na wewe unajua watani walivyo, akiingia kwako anafunua sufuria, akipenda kitu anakibeba, na ukikasirika wewe ndiye mjinga. Alikuja Lindi kwa shughuli zake za korosho akapita dukani, akakuta kitabu juu ya kaunta akaketi nacho kwenye benchi la wateja akaanza kusoma, na mchana kutwa hakuondoka, alikuwa akicheka kwa sauti na kupiga paja mpaka wateja wakauliza ni kitabu gani kile, wengine wakataka kopi. Nikasema leo nimepata msomaji. Alipofika kwenye mazishi akaacha kupiga paja. Akasoma kurasa kadhaa, akanyanyua macho.

"We mtani," akasema mbele ya watu, "huyu mama umemzika wapi? Ulaya?"

Nikamwambia asome tu amalize.

"Mvua inanyesha, watu wamenyamaza kama wako kwenye chumba cha mtihani, na binti kasimama makaburini anatupia udongo! Tingi ipi hii? Na shehe kamwangalia tu? Na sisi watani tulikuwa wapi, tumesafiri?"

Wateja wakacheka. Kisha, Bi Salome, akafungua ile spairo kwa vidole vyake, taratibu kama mtu anayemenya muhogo, akatoa karatasi zote kuanzia sura ya mazishi mpaka mwisho, akazikunja akazitia kwapani, akasema, "Hizi nimeziteka. Ukizitaka njoo Tingi na jogoo, tena mnene, siyo hawa wenu wa mjini. Na huyo mama ukamzike vizuri." Akatoka, na alipofika mlangoni akarudi akachukua na kalamu yangu.

Nilipomwambia mume wangu kwamba nimeibiwa nusu ya kitabu mchana kweupe, alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Sasa mimi najiuliza, mume anasema kiweke kando, mtani anakuja kukiteka, na mume akisikia anacheka, hawa watu hawajapanga? Nimempigia Yunusu simu mara nyingi, anapokea na kunijibu, "Nusu yako haijambo, inakula vizuri, inakusalimia." Ana mpwa wake anasoma chuo Dar, na nikifikiria riwaya yangu inaweza kutokea kesho ina jina la mtu mwingine nakosa raha. Nimeshaandika malalamiko kwa mtendaji wa kata, yako hapa dukani, bado tu kuyapeleka.

Na nikueleze kwa nini simwamini huyo mtu, isije ikaonekana nina roho mbaya. Siku ya msiba wa mama, Yunusu huyuhuyu alijifunga kanga ya mama, akachukua jembe la mama, akapita katikati yetu tuliokuwa tumekaa kwenye mikeka, wenzangu wanalia, akatufokea kwa sauti ya mama yenyewe, "Nyie wasichana mmekaa hapo mnatoa machozi, korosho zitajiokota?" Wanawake waliokuwa wanalia wakaangua kicheko mpaka wakashikana mabega. Mimi nikaingia ndani nikafunga mlango. Najua ni mila, nimekulia humo, misiba ya wengine nimecheka sana, lakini yule alikuwa mama yangu mimi. Kisha wanaume wakabeba jeneza wakaenda, sisi wanawake tukabaki nyumbani kama ilivyo desturi yetu, na waliporudi, Bi Salome, walirudi wanacheka. Wanafuta machozi na wanacheka, na Amiri wangu katikati yao. Nikamuuliza huko mmecheka nini, akaniambia mambo ya makaburini yanabaki makaburini, na mpaka leo nikimuuliza anaondoka kwenda kutazama taarifa ya habari. Yunusu alisema kitu juu ya mama yangu mbele ya kaburi lake, watu wazima wakacheka, na kila mwanamume wa Tingi anakijua isipokuwa mimi. Mtu wa namna hiyo nimpelekee jogoo?

Naomba uniambie nifanye nini, nirekebishe makosa madogo kama anavyosema Mwalimu, au niandike upya kama anavyotaka huyo mwizi, au nikiweke kando kama anavyosema mume wangu. Na usinishauri habari za karatasi, nakala ya riwaya nzima ninayo kwenye flashi, hoja yangu hapa ni haki na heshima. Ila ujue kwamba nikikiweka kando hiki sitaandika kingine, kwa sababu wakati mama yuko hai sikumfanyia jambo kubwa, na kitabu hiki ndicho kitu pekee ninachoweza kumfanyia sasa.

Ni mimi niliyezungukwa,
Jina kapuni, Rasbura, Lindi.

BI SALOME ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mimi mwenyewe, nimevaa miwani, nimeisoma mara mbili, na hakuna kijana wa ofisini aliyeishika. Halafu wewe hodari kweli: jina lako umelitia kapuni, mumeo na mwalimu na mtani umewaanika wote juani. Nimewabadilishia majina kabla ya kuchapa. Utanishukuru siku nyingine.

Pole kwa msiba. Nasema pole ya leo, siyo ya mwaka juzi, maana naona kwako msiba bado uko sebuleni.

Tuanze na lililo la haraka. Ile barua ya mtendaji ichane, ichane sasa hivi kabla hujaendelea kusoma. Mtani hashtakiwi! Umekulia Tingi, unajua. Ukimpeleka Yunusu kwa mtendaji, mtendaji atacheka kuliko alivyocheka Amiri, na ukoo mzima wa Yunusu utakuja Rasbura kukaa barazani kwako na kula mpaka mchele uishe, na kesho yake watauliza chai iko wapi. Na mpwa wake wa chuo mwache asome kwa amani. Mwizi wa riwaya hasomi kwa sauti mbele ya wateja mchana kutwa, wala hakuachii anwani ya kwenda kuikomboa.

Sasa wewe ni mtu wa kushuku, na mimi pia, kazi hii imenifanya hivyo. Ila wewe umeshuku watu ukaacha kuangalia walichokuwekea mkononi. Hebu tuwaache kidogo na nia zao. Amiri alikunja kona wapi? Kwenye mazishi. Kalamu ya Mwalimu Valentini iliishia wapi? Kwenye mazishi. Wewe ukadhani kuanzia hapo ulikuwa umeiva. Mdogo wangu, mwalimu wa Kiswahili akiacha kuweka alama ghafla katikati ya kitabu, ujue ameacha kusoma. Alichoka, akaona haya kukuambia, akakupa hongera, na kama ameongeza kopi za bure juu yake hilo ni la kumalizana naye wewe. Na Yunusu aliteka kuanzia wapi? Watu watatu wasiofanana kwa lolote, na wote wamekwama sura ileile. Ungekuwa wewe ndiye unasikiliza kesi hii ungehitaji shahidi wa nne?

Unaye wa nne, ni wewe. Una mashine, una karatasi, na umeniambia mwenyewe kwamba riwaya nzima iko kwenye flashi. Kuprinti ile nusu upya ni kazi ya kunywa chai kikombe kimoja. Dar wanaisubiri. Kwa nini hukuprinti? Umeniandikia mambo mengi, hilo hukulieleza, na unanikataza hata nisiliguse. Nakushuku, samahani. Nadhani unajua kwamba nusu ile haifai, na moyoni umeona afadhali ikae Tingi ili isiwe wewe uliyeshindwa kuituma.

Na mimi nakwambia kwa nini haifai, japo sijaisoma. Hukuwepo makaburini. Binti wa Tingi aliyezaliwa na kulelewa kwenu anamzika mama yake kwa kusimama kaburini na kutupia udongo, wakati wewe na kila mwanamke wa kwenu mlibaki nyumbani. Ile mvua umeiazima, ule ukimya umeuazima, sijui ulivisoma wapi, pengine uliona mazishi ya kwenye kitabu yanatakiwa yawe hivyo. Na mazishi uliyoyaona kwa macho yako, mtu amevaa kanga ya mama yako anafoka korosho zitajiokota, hayo umeyafungia mlango. Mimi nimecheka hapa ofisini peke yangu kwa mstari ule, mama yako simjui, nikamwona. Gazeti umelipa sura nzuri kuliko zote, kitabu chako umekinyima.

Ulikasirika, na ulikuwa na haki ya kukasirika. Mila haikuulizi kama uko tayari. Lakini umemtoa Yunusu kwenye kitabu kwa sababu hukumsamehe, na alipotoka yeye akatoka na mama naye. Yule mkali anayefoka tangu alfajiri, aliyemfanya mchapishaji akuombe kazi nzima, naweka dau kwamba kuanzia kwenye mazishi amekuwa malaika, kila mtu anamkumbuka kwa upole. Nani wa Tingi aliyemjua kwa upole?

Kwa hiyo sikiliza. Kukiweka kando, hapana. Kurekebisha makosa madogo, hapana pia, unaweza kupaka rangi nyumba ambayo chumba kimoja hakina sakafu, lakini wageni wataingia mpaka hapo na kutoka. Utaandika upya kuanzia mazishi mpaka mwisho. Nusu ya kwanza usiiguse, fuata tu zile alama nyekundu za Mwalimu, kwa sababu upande ule alikuwa anasoma kweli. Dar waandikie leo, waambie kazi itachelewa mpaka baada ya Idi. Wakikataa, kuna wengine, na kitabu kilichochelewa hakijawahi kumuua mchapishaji.

Mumeo nampa nusu ya lawama tu. Ushauri wake ni mbovu, lakini hila simwoni nayo. Yeye alikuwepo makaburini. Alifika kwenye sura ile, akakuta alichokisoma hakifanani na alichokiona, na angekuambia hivyo ungemuuliza, kwani wewe uliona nini? Akakunja kona ya ukurasa, akakimbilia basi tu. Hata taarifa ya habari anayokwenda kutazama hana habari nayo. Mwambie nimesema.

Jumamosi funga duka, panda basi la asubuhi, nenda Tingi na jogoo. Usipeleke mwembamba kwa makusudi, nakujua ingawa hatujaonana. Mkabidhi Yunusu mbele ya mkewe, umtukane kidogo kama inavyotakiwa, kisha umuulize alisema nini siku ile kaburini mpaka wanaume wakacheka. Hatakuambia kirahisi, atataka na chai na maandazi, mpe. Huenda ni neno la kawaida kabisa. Huenda ni neno ambalo halitakuchekesha hata kidogo, maana wengine walikuwa watani na wewe ulikuwa mtoto wa marehemu. Lisikie hivyohivyo. Na ukitaka kulia, lia hapohapo mbele yao. Umenieleza kwamba ulifunga mlango, hukunieleza kwamba ulilia, na mimi nimeliona hilo.

Ukirudi, kaa kwenye kompyuta umwandike Yunusu alivyo, na kanga na jembe, na umwandike binti yuko ndani nyuma ya mlango anasikia vicheko vya wenzake. Humo ndani ndimo ulimokuwa, na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kuandika kutoka humo.

Lipo jambo moja limenikaa tangu nilipoisoma barua yako mara ya kwanza. Jina la mumeo nimelikuta, la mwalimu nimelikuta, la mtani umelirudia mpaka nimelizoea. La mama yako halimo. Nina shaka kwamba hata kwenye riwaya ni Mama tu, mwanzo mpaka mwisho. Kabla hujaandika mstari mwingine wowote, andika jina lake.